Siku Nzima Baharini Bila Haraka: Namna ya Kupanga Safari ya Tanga Kutoka Amu Kuelekea Kiwayu

Kutoka Amu, yaani mji wa Lamu katika pwani ya Kenya, hadi kisiwa cha Kiwayu ni takriban kilomita 50 za bahari. Boti ya mashine hufika kwa muda wa saa mbili hivi, na abiria wake hushuka wameloa, masikio yakivuma, wakisema safari wameiona. Mwongozo huu si wao. Ni wa familia au marafiki wanne watano waliokodi mashua ya tanga kwa siku nne au tano, na wanaotaka katika siku hizo ipatikane japo moja isiyo na shughuli: chombo kinakwenda polepole au hakiendi kabisa, chai iko jikoni, na samaki huenda wakaja na huenda wasije.

Wengi hudhani siku ya namna hiyo hujileta yenyewe, eti ukishaingia baharini utulivu unakusubiri huko. Haujileti. Hutengenezwa nchi kavu, siku kadhaa kabla ya kung'oa nanga. Asiyeipanga huipata siku nyingine kabisa, siku ya jua, kiu, kichefuchefu na watoto kuuliza kila nusu saa kama bado ni mbali.

Hatua ya 1: Anza na mwezi, chombo baadaye

Watu wa bara hutafuta tarehe ya likizo kwanza, kisha chombo, kisha wanashangaa nahodha akiwaambia wawe gatini saa tisa usiku. Fanya kinyume chake.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi siku hadi siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ni bamvua. Maji hujaa sana mnamo saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, kisha hupwa sana kati ya saa nne na saa tano. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 3, na ukisimama gatini Amu wakati huo utaona mashua zilizokuwa zikielea jana jioni zimelala ubavu juu ya tope. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zimegeuka: yanajaa mnamo saa nne, yanapwa mnamo saa kumi.

Kwa safari ya kwenda kaskazini mimi huchagua mwezi nne mpaka sita, au kumi na tisa mpaka ishirini na moja, yaani hesabu ya siku tangu mwezi kuandama. Siku hizo maji hujaa baina ya saa kumi na mbili unusu na saa mbili asubuhi. Maana yake mnaondoka kumepambazuka, mnaupita Mkanda, ule mlango mwembamba wenye mikoko pande zote mbili baina ya Manda na bara, maji yakiwa mengi. Mchana yakipwa mko mmetia nanga mahali penye fungu la mchanga, na jioni yanajaa tena wakati mnatafuta pa kulala. Siku nzima inajipanga bila mtu kutazama saa. Ukienda siku ya bamvua kamili, saa nne asubuhi mko kwenye tope mnasukuma chombo kwa upondo, na hakuna utulivu hapo.

Jedwali la maji la bandari ya Kilindini latosha kukupa makadirio, maana Amu inatofautiana nalo kwa dakika chache tu. Au muulize mvuvi yeyote aliyekaa gatini leo mwezi ngapi na maji yanajaa saa ngapi. Atakujibu bila kuacha kushona wavu.

Baada ya mwezi, tazama msimu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma tangu Aprili au Mei hadi Septemba. Kusi ya Juni, Julai na Agosti ni kali, bahari ya nje ya visiwa huchafuka, na ingawa itakusukuma vizuri kwenda Kiwayu, kurudi utabisha siku mbili, yaani kwenda kombokombo dhidi ya upepo. Kaskazi ya Januari nayo inakuja usoni unapokwenda, lakini bahari huwa na adabu zaidi, na kurudi ni mteremko. Mimi nasema mwishoni mwa Februari na Machi, kaskazi ikiwa imelegea na masika hayajaanza. Angalia tu isiwe Ramadhani. Mabaharia watakuwa wamefunga, na kukaa mbele ya mtu aliyefunga ukitafuna mahamri juu ya chombo cha mita nane si jambo la kujivunia.

Hatua ya 2: Kagua chombo kwa mkono wako

Usikodi kupitia dalali wa ufukweni kabla hujakiona chombo. Mwombe nahodha, vua viatu, ingia.

Tazama ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika. Chombo cha mbao chenye maji kidogo ndani si kibovu, kwani mbao hunyonya na kuvuja kidogo ndiyo desturi yake. Kibovu ni kile ambacho baharia anachota maji na kopo tangu ulipoingia na bado hajapumzika. Pitisha kidole kwenye maungio ya mbao uone kama kalafati, ile pamba ya kuziba maungio, iko imara au imeanza kutoka. Kama chombo kimepakwa sifa juzi, uliza kama kinaweza kupata siku mbili za upepo kwanza, kwa sababu harufu ya mafuta yale ya papa humlevya mgeni kabla hata ya wimbi la kwanza.

Tanga lenye viraka halina neno. Lenye neno ni lililochomwa na jua. Likandamize kwa kidole gumba mahali palipochakaa, na ukisikia nyuzi zinaachia, litachanika mchana upepo ukija. Tazama pia demani, ile kamba anayoishika nahodha kulivuta na kulilegeza tanga. Ikiwa imechakaa mpaka imekuwa manyoya, uliza kama ipo nyingine.

Kisha maboya ya kuvaa. Hesabu moja kwa kila kichwa, mabaharia pamoja nao, na kama kuna watoto yawepo ya kimo chao. Mvalishe mtoto palepale gatini, umwinue kwa mabega ya boya. Likimpanda hadi masikioni, halimfai. Sheria ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya inalazimisha maboya kwa kila abiria, lakini si kila chombo kinachotii, kwa hiyo jicho lako ndilo la mwisho. Mashine ndogo ya akiba nayo iwepo, na iwashwe mbele yako. Tanga ni la kusafiria, mashine ni ya kuepa mwamba na kumwahisha mgonjwa.

Kuhusu ruhusa sitakaa sana. Kiwayu iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na ada yake hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kupitia eCitizen. Iko pia karibu na mpaka wa Somalia, na hali ya usalama hubadilika. Kabla ya kulipa arubuni, waulize watu wa Walinzi wa Pwani au kamati ya wavuvi ya Amu kama njia iko wazi, na uache orodha ya majina na siku ya kurudi. Wakikuambia usiende, usiende. Siku tulivu hupatikana pia ukizunguka Manda hadi magofu ya Takwa, au ukiingia Matondoni kutazama mafundi wanavyoranda mbao za mashua.

Hatua ya 3: Zungumza na nahodha kabla ya kuzungumzia bei

Manahodha wa Amu wamezoea wageni wanaotaka kuona kila kitu, yaani Takwa, Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Kiwayu, na warudi Jumapili wakaipate ndege ya Manda. Usipomwambia vingine, ndiyo safari atakayokupangia. Kwa hiyo mwambie waziwazi.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Mwataka kwenda wapi?"

"Kiwayu, lakini si lazima tufike siku ya kwanza. Tulale njiani. Na kama hakuna upepo, tukae."

Atakutazama mara mbili. Kisha atacheka, na kuanzia hapo mtakuwa mnapanga jambo moja. Kanuni yangu ni hii: nahodha akisema mwendo fulani unawezekana kwa siku, chukua nusu yake. Akisema Kiwayu mnafika jioni, panga kulala upande wa Pate, karibu na Mtangawanda, mfike Kiwayu siku ya pili. Pasipo nafasi ya kuchelewa, kila upepo ukilegea ninyi mnakunja uso.

Ndipo mpatane bei ya chombo kizima, si ya kichwa. Elewaneni nani ananunua chakula na mkaa, mabaharia ni wangapi, na muhimu zaidi, siku ya ziada ikija kwa sababu ya shwari italipwa vipi. Jambo hilo la mwisho likiachwa hewani ndilo huharibu urafiki siku ya kushuka. Lipa nusu mkiondoka, nusu mkirudi.

Hatua ya 4: Maji ya kunywa, chakula, na vitu vya kuacha nyumbani

Lita 4 za maji ya kunywa na chai kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya kupikia. Usitegemee kujaza huko mbele. Vijiji vya visiwani hutegemea sana mvua inayokusanywa kwenye majabia, na wakati wa kaskazi jabia linapopungua, mgeni anayeomba ndoo mbili anaomba kitu cha thamani. Yabebe kwenye mitungi. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020, na hata zisingepigwa, chupa tupu hamsini zinazobingirika miguuni hazimpi mtu raha.

Chakula kinunuliwe Amu, sokoni pale kando ya Ngome, asubuhi ya siku moja kabla. Mahamri na mbaazi ni ya siku ya kwanza tu. Mkate wa mofa unastahimili zaidi, na ni rafiki wa tumbo lililochafuka kwa kuwa ni mkavu. Mchele, nazi nzima (tui la kopo liache dukani), viazi, vitunguu, ndimu nyingi, tangawizi, pilipili, tende na embe kama ni wakati wake. Samaki msinunue. Nunueni mayai na dengu kwa ajili ya siku samaki wakikataa, na msimwambie nahodha mlinunua kwa sababu hiyo.

Jiko la chomboni ni seredani iliyowekwa ndani ya sanduku la mchanga. Anayepika ni baharia, na ni mpishi kuliko unavyodhani. Kazi yako ni kukuna nazi. Mbuzi ya kukunia haikai sawa chombo kikilala ubavu, kwa hiyo ikune mkiwa nangani asubuhi, si katikati ya Pate na upepo wa mchana.

Nguo ziwe nyepesi za mikono mirefu. Leso mbili kwa kila mtu, mwanamume naye, kwa sababu leso ni shuka, ni kivuli, ni pazia, ni taulo. Kofia iwe na kamba ya kufunga kidevuni. Simu zitiwe kwenye mfuko usiopenya maji, pamoja na pawabenki moja. Mtandao unakatikakatika mara mkishauacha Mkanda, na hilo ni sehemu ya mlichokilipia. Spika ya muziki iache nyumbani. Nimekwisha kusema.

Hatua ya 5: Asubuhi ya kuondoka

Mizigo mizito ishuke chini, laini ibaki juu iwe mito. Kila mtu achague mahali pake mkekani mapema, na wanaojua kuwa bahari huwalevya wakae katikati ya chombo. Omo, yaani mbele ya chombo, huinuka na kushuka zaidi, na shuleni tulifundishwa sababu yake kwa ubao wa bembea. Dawa ya kichefuchefu, kama umeshauriwa na mwenye duka la dawa, inywewe saa nzima kabla, si baada ya kuanza kutema mate. Baada ya hapo dawa ni kutazama mbali mahali bahari inapokutana na mbingu, kipande cha tangawizi mdomoni, ndimu iliyokatwa puani, na kutoinama kusoma simu. Anayejilaza ndani karibu na ngama kwa kuona haya atatapika. Akae juu kwenye upepo, na akitapika, atapike upande wa demani, upepo unakoelekea. Upande wa joshini, upepo unakotoka, upepo humrudishia mwenyewe na jirani yake.

Mtaondoka na umande, ule upepo mwanana wa kutoka nchi kavu. Hauna nguvu, ila unatosha kupanda na maji yanayojaa hadi kwenye Mkanda. Hapo zungumzeni kidogo. Mikoko iko karibu kiasi cha kusikia kaa wakichezea tope, na korongo husimama kwenye mizizi bila kushtuka, kwa sababu chombo cha tanga hakina kelele ya kuwashtua. Mkitoka upande wa pili mnaiona Ghuba ya Manda, na korongo za chuma za Bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Nahodha atakaa mbali na njia ya meli. Msimwombe asogee mpige picha.

Hatua ya 6: Shwari

Hii ndiyo saa iliyowaleta, na ndiyo inayowashinda wengi.

Baina ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande umekwisha na upepo wa bahari haujaamka. Tanga hulegea taratibu. Mwanzo linapumua kidogo kila wimbi linapopita, kisha hata hilo linaacha. Demani inaning'inia mpaka katikati yake inagusa maji. Foromali, ule mti unaobeba tanga, inagonga mlingoti, inanyamaza, inagonga tena. Maji ubavuni yaliyokuwa yakisema yananyamaza, na ghafla unasikia vitu vilivyokuwapo muda wote: baharia anavyopenga kamasi, mkaa unavyopasuka, mtu anayepiga kasia mbali hata umbo lake halionekani vizuri.

Dakika kumi za kwanza kila mtu anafurahi. Ya kumi na moja mtu mmoja anauliza kama mashine inafanya kazi.

Msiwashe mashine. Hilo mlipatane tangu jana. Nahodha wangu wa siku zote ana jibu moja kwa wenye haraka, nalo ni "Keti, utakuya," akimaanisha upepo, na anaendelea kukoroga chai. Huwa unakuja. Nchi kavu ikishapata joto huuvuta upepo wa baharini, na saa tano au saa sita utauona kabla ya kuusikia, mstari mweusi wa maji yaliyokunjamana ukisogea kutoka nje. Ninachowaomba ni kuujaza muda huo kwa mpangilio huu, ambao nimeuona ukifanya kazi hata kwa watoto.

Kwanza kivuli. Tanga likiwa limelegea mwombe baharia afunge turubali kutoka kwenye mlingoti kwenda tezi, nyuma ya chombo. Bila hivyo shwari ni kikaangio, maana jua linapiga kutoka juu na tena kutoka kwenye maji, na ngozi huungua chini ya kidevu, mahali ambapo watu hawakumbuki kupaka mafuta. Kila mtu anywe bilauri nzima ya maji, ahisi kiu asihisi.

Pili mshipi. Ule wa kurambaza, unaokokotwa nyuma ya chombo, hauna kazi sasa kwa sababu unataka mwendo. Teremsheni wa kuzamisha, wenye chubwi (kile kizito cha kuuzamisha) na ndoana mbili, chambo kipande cha ngisi. Ukishagusa chini, uinue pima moja hivi, kisha uuweke juu ya kidole cha shahada, si mkononi. Changu hagugumii, anadonoa kama anayebisha hodi nyumba ya wakwe. Mgeni huvuta kwa donoo la kwanza na kupandisha ndoana tupu. Subiri donoo liwe mvuto, ndipo uvute kwa mkono mzima bila kusita. Watoto wa miaka saba nane hujifunza jambo hili haraka kuliko baba zao, kwa sababu baba anataka kuonekana anajua.

Tatu, baada ya hapo, acheni. Mwenye kulala alale, wenye dhumna wacheze, ila mpige taratibu, maana ubao wa chombo unavuma kama ngoma na kuna waliolala. Mzee mmoja katika msafara akianza vitendawili, usimkatize kwa jibu la haraka. Na nahodha, akikaa kimya, mwacheni kimya chake. Akisema, mwulizeni habari za vipwa na miamba iliyo njiani, kila mmoja una jina na kila jina lina chombo kilichovunjika au mtu aliyeponea hapo. Ni mazungumzo ambayo hayapatikani kwenye boti ya mashine hata kwa kununua.

Choo kinaulizwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo nalijibu hapa. Jahazi kubwa lina kisanduku cha mbao kilichotokeza nje ya tezi. Mashua ndogo haina. Kinachotumika ni ndoo, na leso mbili zilizofungwa kuwa pazia upande wa nyuma, huku wengine wote wakigeukia omo bila kuambiwa. Akina mama na waulize jambo hili mapema, pazia lifungwe asubuhi na libaki pale siku nzima, mtu asihitaji kuomba. Waliokunywa maji kidogo kwa kuogopa ndoo ndio huumwa kichwa jioni.

Kwa wanaosali, kibla kutoka maji haya ni kaskazini karibu sawasawa. Nahodha hukionyesha kwa kidevu bila dira. Chombo kikiwa kinayumba, sali umekaa.

Hatua ya 7: Mchana, upepo ukirudi

Upepo ukija turubali hufunguliwa, na mara nyingi huwa ni mbiombio kidogo, kwa hiyo vikombe na dhumna viwe vimekwisha kukusanywa. Nahodha akisema hamieni joshini, hamieni wakati huohuo, uzito wenu ndio unaokisimamisha chombo. Sasa mshipi wa kurambaza urushwe nyuma. Kolekole na nguru hushika chombo kikienda, na akishika, pisha, baharia avute. Uzi ukikimbia kwenye kiganja laini hukata hadi nyama.

Mnamo saa nane maji yakiwa yamepwa, tieni nanga karibu na Manda Toto au fungu lolote atakalolichagua nahodha. Hapo ndipo pa kuoga, kutembea, na kula: wali wa nazi, samaki wa kuchoma, ndimu, pilipili. Vaeni ndala za kufunga, kwani urumba, yule mnyama wa baharini mwenye miiba, hauonekani kwenye majani ya bahari na mwiba wake hauna mzaha. Kombe na matumbawe viacheni vilipo. Mtu akiwaletea mayai ya kasa au nyama yake kuuza, kataeni. Kasa wamelindwa na sheria, na fukwe za Kiwayu na Kiunga ni miongoni mwa mahali wanapotaga.

Baada ya chakula hakuna ratiba. Hapo ndipo watu hulala usingizi ambao nyumbani hawaupati, juu ya mchanga wenye unyevu, chini ya leso iliyotundikwa kwenye upondo. Mmoja tu abaki macho, awe wa zamu, kutazama maji yanavyorudi, kwa sababu fungu halitoi taarifa.

Hatua ya 8: Kutia nanga kabla ya giza

Muwe mmefika pa kulala saa kumi na moja jioni. Jua letu huzama upesi na giza huingia mara moja, na miamba ya upande wa Pate haina taa. Mwachieni nahodha achague mahali kwa kina na kwa upepo. Ninyi tazameni jambo moja: mwulize maji yatapwa kiasi gani usiku, na kama chombo kitalala ubavu. Kwenye tope laini hakuna madhara ila vyombo vya jikoni huanguka saa tisa usiku na kumtia kila mtu hofu.

Mkishuka kijijini, iwe Mtangawanda, Faza au baadaye Kiwayu yenyewe, valieni kiheshima, salimieni wazee kwanza, na ulizeni kabla ya kupiga picha. Wabajuni, wenyeji wa visiwa hivi, ni wakarimu, ila wamechoshwa na wageni wanaopita katikati ya mji kwa nguo za kuogelea. Wavuvi wa Kizingitini wakipita na kamba wa baharini, nunueni kwao hapohapo bila kuvutana sana.

Usiku lala juu, si ndani. Umande huloesha mikeka kuanzia saa nane, basi jifunikeni turubali lilelile la mchana. Kuanzia Novemba hadi Machi, Kilimia, kile kishada cha nyota, kiko juu mapema jioni, na mabaharia wengi bado wanaweza kukuonyesha nyota wanayoielekezea omo usiku.

Kurudi

Hesabu ya maji inaanza upya, na wengi huisahau. Kila siku mliyokaa imesogeza saa ya kujaa kwa dakika hamsini. Mkiondoka Amu mwezi tano, maji yakijaa saa moja, mkikaa siku nne yatakuwa yanajaa baada ya saa nne asubuhi, nayo ni maji mafu, hayana kina kile cha mwanzo. Chombo kiwe chepesi: mitungi mitupu juu, mabaki ya mkaa mwachieni mtu Kiwayu. Kaeni na nahodha jioni ya mwisho, mpange mfike kwenye Mkanda nusu saa kabla ya kujaa, si baada, kwa sababu ukikwama maji yakijaa utanasuka baada ya dakika chache, na ukikwama yakipwa utakaa hapo mpaka usiku. Tikiti ya ndege au ya basi la Mokowe ikatwe ya siku inayofuata.